Diploma ya uhasibu jioni hapa Mbeya: muda kweli, ada nafuu, "mengineyo" jiandae

Jina la chuo silitaji. Mdogo wangu yupo mwaka wa kwanza palepale, sitaki aitwe ofisini kwa ajili ya mdomo wa dada yake. Ni chuo binafsi cha kati, hapa hapa jijini. Mimi nauza mchele soko la Mwanjelwa, nina miaka 36 na watoto wawili, na nimemaliza stashahada ya uhasibu kwa masomo ya jioni.

Nianze na muda, maana ndio wateja wangu wanauliza kabla hata hawajapima kilo. Bango lao limeandikwa "diploma miaka miwili". Ni kweli, ila si kwa kila mtu. Ukitoka kidato cha nne na D zako nne unaanzia NTA ngazi ya 4 (NTA ni ngazi za kitaifa za vyuo vya kati, kila moja mwaka), unapanda ya 5, halafu ya 6. Hiyo ni mitatu. Miwili ni ya sisi tuliofika kidato cha sita tukapata angalau prinsipo moja na sabsidiari moja, tunaingilia ngazi ya 5. Cheti changu cha 2007 kina E moja, ndiyo prinsipo, na S mbili, ndizo sabsidiari. Miaka yote kililala sandukuni chini ya khanga, nakionea aibu. Kumbe ndicho kilichoniokolea mwaka mzima wa ada! Tulikuwa na kijana wa Chunya aliyeambiwa "miwili" kwa simu, kufika anaandikishwa mitatu. Hapo walimkosea. Bango lina nafasi kubwa tu, wangeandika yote.

Ada ni 1,000,000 kwa mwaka, unalipa kwa awamu nne, na hawakufukuzi darasani ukichelewa wiki mbili tatu. Hilo nawasifu, kwa sababu biashara ya mchele ina miezi yake ya njaa. Vipindi ni saa kumi na moja jioni hadi saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo meza yangu sokoni haikufungwa hata siku moja. Unafuu wenyewe niliuona hapo zaidi ya kwenye ada.

Sasa "mengineyo". Mtihani 120,000. Bima ya afya 50,400. NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, 15,000. Kitambulisho 10,000. Serikali ya wanafunzi 10,000, ambayo sisi wa jioni hatujawahi kuiona ikifanya lolote. Usimamizi wa fildi (mafunzo ya vitendo kazini) 60,000, na msimamizi alikuja mara moja, akanywa soda, akasaini. Mwaka wa kwanza ukafunga kwa 1,265,400. Kabla hujalipa shilingi, omba karatasi ya maelekezo ya kujiunga, ukae nayo chini na kalamu.

Kufundisha kwao kunategemea umempata nani. Wa sheria ya biashara alikuwa anasoma karatasi zake huku kachoka kuliko sisi. Lakini madamu wa uhasibu wa gharama, yule angenidai mara mbili ningelipa. Wiki ya tatu akaniuliza mbele ya darasa:

"Mama Neema, kilo moja ya mchele wako inakugharimu shilingi ngapi?"

Nikajibu harakaharaka, mtu wa sokoni tena.

"Hiyo bei uliyonunulia. Mimi nimeuliza gharama."

Akashika chaki. Mpunga kilo 100 kutoka Ubaruku. Ushuru, gunia, wapakiaji, nauli ya fuso, kukoboa. Mwisho akaandika: mchele kilo 64. Akanigeukia: "Hizi 36 zimeenda wapi, mama?" Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nafikiria pumba, ambazo miaka tisa nimekuwa nikimwachia mwenye mashine kama asante. Na chenga nilikuwa nazichanganya tu humohumo kwenye mchele. Jumamosi ile nikarudi mashineni na magunia matupu. Mwenye mashine alininunia mpaka leo, ila pumba zinakwenda kwa wafuga nguruwe Uyole na pesa yake ndiyo iliyokuwa inanilipia bajaji ya usiku.

Ofisi ya mitihani ndipo nilipowapunguzia nyota. Nilishika sapu ya takwimu (watoto walikuwa na homa, sitetei), nikarudia, nikafaulu, ubaoni jina langu lipo. Nimemaliza, naomba namba ya uhakiki kule NACTVET ili niombe digrii, nakuta somo lile halina matokeo. Chuo hakikuyatuma. Wiki tano! "Njoo Jumatatu, mama." Jumatatu: "Mhusika yuko safarini." Nikaanza kwenda na ndoo ya kupimia mchele kabisa, nakaa pale benchi, wapite wanione. Siku ya nne wakaingiza, ilichukua dakika kumi. Dirisha la kwanza la maombi lilishanipita, nikawahi la pili kwa GPA ya 3.2, kinachotakiwa ni 3.0.

Na hili mjue, hapa au kwingine kokote: chuo kuwa kwenye orodha ya NACTVET hakutoshi, tazama kama na kozi unayoitaka imo. Kuna mwenzangu sokoni alipoteza mwaka kwa kozi ambayo haikuwa imesajiliwa, chuo chenyewe kina geti zuri na bendera.

Nawapa nyota tatu na nusu. Tatu ni za madamu peke yake, karibu.

Ukiamua kwenda, darasa la jioni ni lile la ghorofani, na kioo cha dirisha la tatu kimevunjika tangu niingie mpaka nimetoka. Julai usikae upande huo hata ukiwa na sweta mbili.