Uchambuzi: One by Wacom au Huion H640P? Seti ya kuanzia kwa mwanafunzi wa sanaa, pamoja na Krita na GIMP

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna tableti mbili za kuchorea zisizo na skrini: One by Wacom ndogo, ile yenye namba CTL-472, na Huion Inspiroy H640P. Ndani ya laptopu kuna programu mbili za bure, Krita ya kuchorea na GIMP ya kuhariri picha. Jibu nalitoa mapema, mwenye haraka aende zake: kwa mwanafunzi wa sanaa aliyezoea penseli na karatasi, yoyote kati ya hizi mbili inatosha. Hela ikibaki, usiiongezee kwenye tableti kubwa, iongezee kwenye RAM ya laptopu, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi. Wengi wanaoacha kuchora kwa kompyuta hawashindwi na kifaa, wanashindwa na namna kilivyopangwa, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza namba za kwenye boksi. Wacom ina viwango 2048 vya mkandamizo, yaani nguvu unayoikandamizia kalamu, Huion ina 8192. Muuzaji atakwambia ya pili ni bora mara nne. Mwache aseme. Hakuna mkono wa binadamu unaotenganisha viwango 2048, sembuse 8192. Unachokihisi kweli ni pale mstari unapoanza: kalamu inahitaji kuguswa kidogo kiasi gani ndipo ianze kuandika. Hapo kalamu ya Wacom ni nyepesi zaidi, na ukivuta kivuli hafifu utaiona tofauti. Huion inakulipa kwa vitufe sita pembeni, Wacom haina hata kimoja. Eneo la kuchorea ni milimita 152 kwa 95 kwa Wacom na 160 kwa 100 kwa Huion, yaani karibu sawa. Kalamu zote mbili hazitumii betri. Zote mbili pia hazisomi mlalo wa kalamu, kwa hiyo wewe uliyezoea kulaza penseli ili upake kivuli kwa ubavu, hilo hapa halipo. Kivuli utakipata kwa kubadili brashi.

Sasa kupanga. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa tableti, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kama laptopu iliwahi kuwa na draiva ya tableti ya kampuni nyingine, iondoe kwanza na uwashe mashine upya. Draiva mbili zikikaa pamoja zinagombana, na dalili yake ni mshale kutembea vizuri huku mstari ukitoka na unene uleule hata ukandamize vipi.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye uwiano, na nawaomba mlitazame kwa makini. Tableti hizi zina uwiano wa upana kwa kimo wa 16 kwa 10. Skrini nyingi za laptopu ni 16 kwa 9, kama hii yenye pikseli 1366 kwa 768. Draiva ikiwekwa tu bila kuguswa, inanyoosha eneo lote la tableti lilingane na skrini yote. Fanya hesabu kwa Wacom: kwa upana, kila milimita ya mkono inakuwa karibu pikseli 9, kwa kimo inakuwa karibu 8. Duara la milimita 30 ulilolichora sawasawa kwa mkono linatokea kwenye skrini likiwa na pikseli 270 kwa upana na 242 kwa kimo. Ni yai. Mwanafunzi anaona nyuso zake zote zimepanuka, anaulaumu mkono wake, kumbe mkono hauna kosa. Kwa Wacom fungua mipangilio ya draiva, sehemu ya Mapping, weka tiki kwenye Force Proportions. Kwa Huion nenda kwenye eneo la kazi uchague lifuate uwiano wa skrini. Utapoteza milimita tisa na nusu za chini kwenye Wacom, kumi kwenye Huion. Zipoteze kwa moyo mweupe.

Jaribu hivi: weka sarafu juu ya tableti, izungushe kwa kalamu, kisha tazama kwenye skrini. Ikitoka duara, umepona. Na tableti yenyewe ikae mbele ya kifua, sambamba na skrini. Ikipinda kidogo kama daftari la kuandikia, mistari yako yote ya mlalo itapanda au kushuka.

Kwenye Windows kuna kero nyingine mbili. Ukigusa na kushikilia kalamu, kinatokea kiduara na mstari unachelewa kuanza, kwa sababu Windows inadhani unataka menyu ya kitufe cha kulia. Ingia Control Panel, Pen and Touch, uzime Press and hold. Kero ya pili ni Krita kutosoma mkandamizo. Ndani ya Krita, kwenye mipangilio ya tableti, kuna njia mbili za kuchagua: WinTab na Windows 8+ Pointer Input. Kama kwenye draiva umewasha Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows yenyewe, chagua ile ya pili. Kama umeizima, chagua WinTab. Zikipishana, mkandamizo haufiki. Ukibadilisha, funga Krita na uifungue tena, vinginevyo mabadiliko hayashiki. Palepale kuna uwanja mdogo wa kujaribia kalamu.

Tuingie Krita. Ina brashi nyingi mno kwa anayeanza. Chukua Pencil-2 ya kuchorea rasimu, Basic-5 Size ya kupaka rangi, na moja ya kundi la Ink kwa mistari ya mwisho. Zingine ziache zilale. Vitufe vya kuzoea vidole ni hivi: B ni brashi, shikilia Shift uburute ili kubadili ukubwa, shikilia Ctrl uguse ili kuokota rangi iliyopo, 4 na 6 kugeuza karatasi, 5 kuirudisha. M inageuza picha kama kwenye kioo, na hii itumie mara kwa mara, kwa sababu jicho lililochoka haliuoni uso uliopinda mpaka ugeuzwe. Mwenye Huion avipachike hivi kwenye vile vitufe sita.

E inageuza brashi kuwa kifutio. Hapa ndipo linapotoka lile swali lisiloisha, "brashi yangu imekataa kuchora." Haijakataa. Uligusa E bila kujua. Kama si E, basi kuna eneo ulilichagua mahali pengine kwenye picha ukalisahau, au uko kwenye leya (tabaka la mchoro) iliyofungwa au iliyofichwa. Angalia kwa mpangilio huo.

Mstari ukitetemeka, nenda kwenye chaguo za brashi ya mkono huru ubadili ulainishaji kutoka Basic kwenda Weighted. Mstari utafuata nyuma ya kalamu kidogo na kunyooka. Kwa rasimu urudishe Basic, maana Weighted inaua uchangamfu wa mkono.

Kwenye kupaka rangi kuna mtego unaowanasa hasa waliotoka Photoshop. Alama ile ya herufi alfa kwenye leya inazuia rangi isitoke nje ya umbo lililo chini, lakini Krita haihesabu leya moja ya chini, inahesabu zote za chini ndani ya kundi hilo. Kukiwa na leya nyeupe ya karatasi huko chini, umbo lako ni karatasi nzima, kwa hiyo hakuna kinachozuiwa. Dawa yake: leya ya umbo na ya kivuli ziweke kwenye kundi lao kwa Ctrl+G, karatasi ibaki nje. Na ukijaza kwa ndoo ukaona uzi mweupe kati ya rangi na mstari, ongeza upanuzi wa ndoo kwa pikseli 1 au 2, rangi iingie chini ya mstari.

Nilisema RAM. Hesabu yake ni hii. Karatasi ya A4 kwa ubora wa 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, ni pikseli 2480 kwa 3508. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni takriban MB 35. Leya 20 zilizojaa ni MB 700, bado hatua za kurudi nyuma, ambazo nazo zinahifadhiwa. Ukichagua rangi za biti 16, zidisha mara mbili. Laptopu ya GB 4 iliyofungua na kivinjari pembeni itaanza kusota hapo, na brashi itakuwa inafika baada yako. GB 8 na biti 8 ndiyo hali ya amani.

Zoezi linaloonyesha uwezo wa Krita vizuri ni kubuni kanga. Usianze kwa ukubwa halisi. Kanga ya takriban sentimita 150 kwa 110 kwa ubora wa 300 ni pikseli kama 17,700 kwa 13,000, na leya moja tu inakula zaidi ya MB 900. Tengeneza vipande. Fungua faili la pikseli 1000 kwa 1000, bonyeza W. Sasa karatasi inajirudia pande zote, ukivuka ukingo wa kulia unatokea kushoto. Hiyo ndiyo namna ya kuchora ua la pindo bila kuonekana kiungo. Ila pindo lina kona, na kipande kinachojirudia hakijui kukata kona. Kona chora peke yake, pambo likilala kwenye mshazari, halafu uunganishe na pande mbili. Kwa mji, zima W, washa vioo viwili vilivyo kwenye upau wa juu, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Unachora robo, unapata nzima. Jina liandike mwisho kabisa ukiwa umevizima, la sivyo herufi zitageuka nyuma mbele. Na kwa kweli jina napendelea kuliandika GIMP. Kifaa cha maandishi cha Krita kinachosha.

GIMP nitaipitia kwa kazi moja, kusafisha mchoro wa karatasi uliopigwa kwa simu, maana ndiyo kazi ya kila wiki ya mwanafunzi. Piga picha kivulini mchana, simu ikiwa juu sawasawa, bila flashi. Pembe zikipinda zinyooshe kwa kifaa cha Perspective. Kisha Colors, Levels: kishikizo cha kulia kivute mpaka karatasi iwe nyeupe, cha kushoto mpaka wino uwe mweusi. Usikivute cha kulia kupita kiasi, mistari myembamba ya penseli ndiyo inayokufa kwanza. Vidoa viondoe kwa Heal, kitufe H. Mwisho Colors, Color to Alpha, uchague nyeupe: karatasi inatoweka, wino unabaki, na mchoro uko tayari kupelekwa Krita upakwe rangi chini yake. Kama una GIMP 2.10, pata 3.0 iliyotoka Machi 2025, kwa sababu sasa vichujio vinaweza kubaki juu ya leya ukavirekebisha kesho, zamani vilikuwa vinayeyuka ndani ya picha moja kwa moja. Na jueni kwamba kuhifadhi GIMP kunatoa faili la XCF tu, la GIMP yenyewe. PNG au JPEG inapatikana kwa kusafirisha, Shift+Ctrl+E. Ukimpelekea mwalimu XCF, huenda asiweze kuifungua.

Kuchapa kuna machozi yake. Kijani kinachowaka na samawati ya umeme hazipo kwenye wino wa mashine. Kabla hujaenda steshenari, ndani ya Krita bonyeza Ctrl+Y uone rangi zitakavyofifia, uzirekebishe ukiwa bado nyumbani. Ukitaka kupeleka faili la CMYK, yaani lenye rangi za wino wa kuchapia, tumia faili la aina ya TIFF, kwa kuwa PNG haibebi CMYK.

Kuhusu matunzo, ncha ya kalamu inalika. Ikishakuwa na ukingo mkali kama patasi, ing'oe, maana inakwaruza uso wa tableti, na uso haubadilishwi. Wacom inakuja na ncha 3 za akiba, Huion 8. Ukipenda hisia ya karatasi, bandika karatasi nyembamba juu ya tableti. Kalamu inasomeka kupitia hapo bila shida na unaweza hata kunakili mchoro wa penseli, ila ncha zitaisha upesi.

Asiye na laptopu achukue Huion, inaunganika na simu za Android kwa OTG, ile adapta inayowezesha simu kupokea kifaa cha USB. Eneo linalotumika linapungua sana simu ikiwa imesimama wima, na Krita ya Android imetengenezwa kwa tableti zenye skrini kubwa, kwa hiyo kwenye simu tumia ibisPaint X.

Dukani, mwambie muuzaji aichomeke mbele yako. Nenda na kebo unayojua inapitisha data, kwa sababu nyingine ni za kuchaji tu: taa inawaka na kompyuta haioni kitu. Tikisa kidogo tundu la kebo huku unavuta mstari mrefu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikatika, rudisha, chukua nyingine.