Cheti rahisi cha uasili mpakani: huduma nzuri inayohitaji karatasi za pembeni

Kwa anayevusha maharage, vitunguu au mahindi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna huduma ya mpakani inayomwokolea pesa kuliko cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ni karatasi ya forodha inayothibitisha kwamba mzigo umelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, hivyo hautozwi ushuru wa forodha. Hutolewa palepale mpakani, bila malipo, na mwenye mzigo anaijaza mwenyewe bila wakala wa forodha. Kinachowaangusha watu ni kudhani kwamba ukiwa na cheti hicho umemaliza kila kitu.

Mzigo lazima uwe na asili ya nchi mwanachama, thamani yake isizidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa iwemo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kwenye asili ndiko wengi wanakojikwaa. Mchele wa Kyela unapita. Mchele uliotoka Pakistan ukafungashwa upya kwenye mifuko ya hapa haupiti, kwa sababu kubadilisha mfuko hakubadilishi asili. Mitumba nayo haiingii humu hata kama umeinunua kwenye soko la Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam.

Kwenye thamani, piga hesabu kabla ya kupakia. Tuseme gunia la maharage la kilo 100 ni sawa na dola 70: magunia 25 ni dola 1,750, umepita, magunia 30 ni dola 2,100, umetoka kwenye utaratibu huu na sasa unahitaji cheti cha kawaida cha uasili na wakala. Forodha hutumia kiwango chake cha kubadilishia fedha, si cha duka la fedha la jirani, kwa hiyo acha nafasi kidogo chini ya kikomo. Beba risiti ya sokoni au hati ya mauzo yenye tarehe, uzito na bei. Usipokuwa nayo, afisa atakadiria thamani mwenyewe, na makadirio yake yanaweza kukuvusha kikomo. Usigawe mzigo mmoja kwa majina mawili ili uonekane mdogo. Ukigundulika unachukuliwa kama udanganyifu wa thamani.

Cheti kinafuta ushuru wa forodha tu. Kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa vinabaki pale sheria ya nchi unayoingia inapovitaka, kwa hiyo anayevusha sabuni au vinywaji asishangae akipewa bili. Na hakigusi kabisa masuala ya afya ya mimea, mifugo na viwango. Hapa ndipo tunapoiona kasoro kubwa ya mpango mzima: mama mwenye magunia kumi anafika na cheti cha forodha mkononi, halafu anakwama dirisha la pili.

Kwa mazao, mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Kwanza mnunuzi aliye upande wa pili aombe kibali cha kuingiza mimea kutoka mamlaka ya nchi yake. Kenya ni KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea. Ndipo muuzaji apeleke kibali hicho kwa wakaguzi wa kwao, ambao Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wakague mzigo na kutoa cheti cha usafi wa mimea kinacholingana na masharti ya kibali. Wengi huanza na ukaguzi, kibali baadaye, na matokeo yake cheti hakiendani na kile nchi ya pili ilichotaka, kazi inaanza upya huku nyanya zikilainika kwenye matenga.

Mahindi yana mtihani wake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka) isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambapo aina ya B1 isizidi 5. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha vipimo. Sumukuvu haisambai sawasawa. Gunia moja lililolowa chini linaweza kuharibu majibu ya sampuli ya lori zima. Anika juu ya turubai, panga magunia juu ya chaga, pima unyevu kwa kila kundi ulilonunua sehemu tofauti, na peleka sampuli maabara kabla ya kukodi gari. Kusubiri majibu mpakani kunamaanisha kulipia gari linalosimama.

Vituo vya pamoja vya huduma mpakani, kama Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, vimerahisisha kupita kwenyewe. Husimami upande unaotoka. Unakwenda moja kwa moja kwenye jengo la nchi unayoingia, na humo unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 ndiyo inayowapa nguvu ya kufanya kazi upande wa jirani. Ni mpango mzuri sana. Vishoka nje ya jengo watakuambia cheti kinauzwa. Hakiuzwi, ingia ndani ukamuulize afisa wa forodha.

Kikomo cha dola 2,000 ndicho tungependa kione mabadiliko. Kwa mahindi ya dola 250 kwa tani, Fuso la tani 10 lina mzigo wa dola 2,500, kwa hiyo wanawake watano waliochangishana gari moja wanapaswa kuwa na hati tano zilizotenganishwa vizuri, kila mmoja na risiti yake na magunia yake yenye alama. Inawezekana, na ni halali kwa sababu wamiliki ni watano kweli, ila alama ziwekwe wakati wa kupakia.

Ukitozwa kisichoeleweka, dai stakabadhi, andika kituo, tarehe, bidhaa na kiasi, kisha ripoti kwenye mfumo wa mtandaoni wa vikwazo vya biashara wa jumuiya za kikanda za COMESA, EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC. Malalamiko yasiyo na tarehe wala kituo hayafuatiliki.