POWERPREP: Majaribio ya bure ya GRE
Kwa anayeomba nafasi ya uzamili katika chuo cha Marekani kinachodai alama za GRE (mtihani wa kuombea nafasi za uzamili), nisingeshauri alipie kozi yoyote kabla ya kufanya majaribio mawili ya bure ya POWERPREP, yanayotolewa na ETS, ambao ndio watungaji wa mtihani wenyewe. Yanafuata muundo ulioanza Septemba 2023, wa saa 1 na dakika 58: insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha na 27 ya hisabati. Hisabati yenyewe si ngumu kwa aliyemaliza sekondari vizuri. Kinachopimwa ni umakini. Mtahiniwa huulizwa, kwa mfano, kipi ni kikubwa kati ya x na kipeo chake cha pili, na mwenye haraka huchagua kipeo, akisahau kwamba nusu mara nusu ni robo, hivyo jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Kasoro ya POWERPREP ni kwamba toleo la bure huonyesha jibu sahihi bila kueleza njia, na insha haipewi alama, kwa hiyo itafutiwe mwalimu wa kuisoma.