Senti 8.5 iliyogeuka senti 16: nilivyohama kampuni ya umeme Houston

Bili ya Septemba ndiyo iliyonishtua. Julai, joto limekaza na AC hailali, nilitumia uniti 1,060 nikalipa dola 95.80. Septemba nikajibana, uniti zikashuka hadi 940. Bili ikaja dola 174.20. Nikajua mita imeharibika.

Nilipopiga simu kwenye kampuni wakaniambia hesabu iko sawa, na kweli ilikuwa sawa. Mkataba niliosaini ulikuwa na punguzo la dola 100 kwa mwezi unaofikisha uniti 1,000 tu. Ukiishia 999, hupati hata senti.

Sisi tuliokulia Dar tumezoea shirika moja: unanunua LUKU, unaingiza tarakimu, umeme unawaka. Texas walifungua soko la umeme wa majumbani Januari 2002. Austin na San Antonio bado wananunua kwa shirika la mji, lakini Houston nguzo, nyaya na mita ni za kampuni ya CenterPoint, na muuzaji unamchagua mwenyewe. Tume ya huduma za umma ya jimbo ina tovuti yake, Power to Choose, ambako unaweka zip code (namba ya posta ya eneo lako) na mipango inajipanga kwa bei. Mimi nilichukua ya bei ndogo kuliko zote, senti 8.5 kwa uniti, bila kujua kwamba bei ile ni ya mtu anayetumia uniti 1,000 kamili.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja wa kanisani, fundi AC. Aliniuliza tu, "Dada, kwani kila mwezi unafikisha elfu moja?" Halafu akanionyesha karatasi ambayo kila mpango lazima uwe nayo, Electricity Facts Label. Ina bei tatu: ya uniti 500, 1,000 na 2,000. Yangu ilisema senti 19, kisha 8.5, kisha 13.25. Bei ikishuka ghafla katikati na kupanda tena hivyo, tafuta sharti la punguzo kwenye maandishi ya chini.

Nikaingia kwenye tovuti ya Smart Meter Texas, ambako unaona matumizi ya mita yako bila kujali nani anakuuzia. Miezi 12 yangu ilikuwa uniti 8,570: Machi 480, Agosti 1,110. Miezi iliyovuka 1,000 ilikuwa miwili tu! Nikapiga hesabu mwezi mmoja mmoja, kabla ya kodi. Mpango wa punguzo, dola 1,402.60, yaani zaidi ya senti 16 kwa uniti. Mpango mwingine usio na punguzo lolote, ambao nilikuwa nimeupita kwa sababu ulisema senti 15, ulitoka dola 1,302.65. Ule "wa ghali" ulikuwa nafuu kwa karibu dola 100.

Kuvunja mkataba ilikuwa faini ya dola 150, kwa hiyo nilivumilia. Siku 14 za mwisho za mkataba unaruhusiwa kuhama bila faini, na ukihama nyumba pia hawakutozi. Nisingeutumia muda huo, ningeingizwa kwenye bei ya mwezi kwa mwezi, ambayo mara nyingi iko juu zaidi.

Kuhama kwenyewe ni dakika chache kwenye simu. Kampuni mpya ndiyo inayomaliza mambo na ile ya zamani. Usiwapigie wakukatie, utajikuta gizani. Hakuna fundi aliyekuja, taa hazikuzima hata mara moja.

Nimechagua bei isiyobadilika kwa miezi 12. Ada ya nyaya, ile ya CenterPoint, bado inaweza kupanda au kushuka ndani ya bili, hilo lijue mapema. Lakini nakumbuka baridi ya Februari 2021, bei ya jumla, ile ambayo wauzaji hununulia umeme, ilipofika dola 9 kwa uniti na waliokuwa wakinunua kwa bei hiyo wakaletewa bili za maelfu. Mwaka huohuo bunge la jimbo likapiga marufuku kuwauzia wateja wa majumbani mipango ya aina ile.

Mwenye nyumba kubwa, watoto wanne na AC mbili, anayevuka 1,000 kila mwezi, mpango wa punguzo unaweza kumfaa kabisa. Mimi na mwanangu kwenye apatimenti ya vyumba viwili hautufai. Bili yangu ya kwanza kwenye kampuni mpya ilikuwa uniti 490, dola 76.05. Kwenye mkataba wa zamani ningelipa dola 93.20.