Karakana ya sanaa Bagamoyo: uzoefu wangu kwenye kiti mwendo, pamoja na shangazi yangu asiyeona

Kwa mtu anayetumia kiti mwendo, sehemu kubwa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo hutazamwa kutoka barabarani tu. Nyumba za mawe ya matumbawe zimeinuliwa juu ya baraza, milango ya nakshi ina vizingiti ambavyo mwenye miguu mizima huvivuka bila hata kuvitazama, na ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima. Kwa hiyo niliposikia kwamba humo kuna karakana ya sanaa ya jamii inayowapokea watu wenye ulemavu na wasio na ulemavu kwenye meza moja, sikutaka kuisifu kabla sijaingia. Sasa nimeingia na nimefanya kazi humo, na ninaandika kwa ajili ya wale ambao kabla ya kufunga safari hulazimika kuuliza mlango una upana gani, choo kikoje, na kama mwalimu atazungumza na wao wenyewe au na waliowasindikiza.

Tulitokea Dar es Salaam kwa gari la abiria la kutoka stendi ya Makumbusho, kilomita zipatazo 70 kupitia Bunju, Mapinga na Kerege. Safari ilikuwa ya kawaida, isipokuwa kondakta alitaka kukilipisha kiti changu kama mzigo, jambo ambalo wenzangu wanaotumia viti mwendo wanalifahamu vizuri. Kutoka stendi tulichukua bajaji. Mita za mwisho kabla ya kufika zina mchanga mwingi uliochanganyika na vipande vya mawe, magurudumu ya mbele yakazama, na vijana wawili wa karakana wakaja kunisaidia. Nilishukuru, lakini ni vema ieleweke kwamba hapo mtu hafiki peke yake.

Mlangoni ndipo nilipoanza kuona kwamba wenye mahali wamefikiri. Baraza lina kimo cha karibu sentimita 40, na juu yake imelazwa njia mteremko ya mbao yenye urefu wa mita 5 hivi, yaani inatimiza kile kipimo kinachopendekezwa cha sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Mahali pengi nimekutana na kibao kilichoegeshwa kwenye ngazi, kikali kiasi kwamba mtu anasukumwa juu kama gunia. Hapa nilipanda kwa mikono yangu mwenyewe. Mbao zimepakwa rangi iliyochanganywa na mchanga ili gurudumu lisiteleze wakati wa mvua, pembeni kuna kingo za kuzuia gurudumu lisitoke nje, na mteremko wote umetengenezwa kwa vipande vinavyounganishwa bila kupigilia msumari hata mmoja kwenye ukuta wa zamani. Nimesikia mara nyingi kwamba majengo ya kale hayawezi kuwekewa miundombinu ya watu wenye ulemavu kwa sababu yatabomoka. Wanaosema hivyo wangefaa kuja kuitazama kazi hii ya seremala.

Ndani, meza zina vimo tofauti, na mbili kati yake hazina ubao wa kuzuia magoti chini, kwa hiyo niliweza kuingia mpaka kifua kikagusa meza. Naliandika hili kwa sababu kwenye karakana nyingine niliyowahi kutembelea, ambayo sitaitaja, niliketi ubavu kwa ubavu na meza siku nzima, nikichonga huku mgongo umepinda. Vifaa hupangwa kwa mpangilio ule ule kila siku na hakuna anayeruhusiwa kuvihamisha: brashi kushoto, mihuri ya mbao katikati, vitambaa vya kufutia kulia. Shangazi yangu, ambaye presha ya macho ilimwondolea uoni akiwa mtu mzima, alizungushwa mara moja akagusa kila kitu, na baada ya hapo hakumwomba mtu yeyote amtafutie brashi.

Siku hiyo tulifundishwa batiki. Mshumaa huyeyushwa katika sufuria iliyotumbukizwa ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, ili joto lake lisivuke nyuzi 100 na usije ukawaka moto, na jiko la mkaa limezungushiwa ukuta mfupi wa matofali ambao mtu mwenye fimbo nyeupe anaugusa kabla hajalikaribia. Kitambaa cha pamba kinatandazwa kwenye fremu, mshumaa unapakwa pale ambapo rangi haitakiwi kuingia, kisha kinatumbukizwa kwenye rangi. Nilikuwa nimedhani kazi hii ni ya macho tu. Mwalimu alimwambia shangazi, "Shikamoo mama, naomba mkono wako," akauweka juu ya kitambaa chenye mshumaa uliokwisha kupoa, na shangazi akaanza kuusoma mchoro kwa vidole: mshumaa ukikauka unaacha mwinuko mdogo, mgumu na wenye kuteleza kuliko uzi unaouzunguka. Ili aweze kuchora mwenyewe, walimpigia kamba ya katani kwenye fremu kama mstari wa kufuata, naye akawa anapitisha kidole cha kushoto kwenye kamba na brashi kwa mkono wa kulia. Alichora pembe za ukili, ule mkanda unaosukwa kwa majani ya miyaa, mchoro uleule aliokuwa akiusuka kwenye mikeka yake tangu usichana. Akamaliza fremu nzima. Sehemu pekee ambayo walimu hawakumwachia yeye wala mimi ni kuchanganya rangi na kostiki soda na haidrosi, kemikali za kuiandaa rangi ya batiki, kwa sababu kostiki inaunguza ngozi na macho, na niliona busara yake, hasa kwa kuwa sheria hiyo iliwahusu washiriki wote na si sisi tu.

Jambo lililonifikirisha zaidi ni namna ya kufundisha. Kwenye meza yetu walikuwapo pia viziwi wawili na mkalimani wa lugha ya alama, na mahitaji yao na ya shangazi yanagongana. Asiyeona anataka mwalimu aeleze kwa maneno huku mikono ikifanya kazi. Kiziwi hawezi kutazama mikono ya mwalimu na mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja, kwa hiyo maelezo yakitolewa wakati wa kuonyesha, nusu yake yanampotea. Walimu wengi huchagua upande mmoja bila kujua. Mwalimu huyu alifanya kila hatua mara mbili: kwanza kimya, watu wote wanaoona wakitazama, kisha akaweka brashi chini, akaeleza taratibu huku mkalimani akitafsiri na shangazi akigusa kitambaa. Darasa lilichelewa, na kijana mmoja asiye na ulemavu alianza kuchoka, lakini mwisho wa saa hakuna aliyebaki nyuma, na yule kijana ndiye aliyekuja kuuliza maswali mengi zaidi kuhusu jinsi rangi zinavyotajwa kwa lugha ya alama. Mwalimu alipotaka sote tumsikilize, alizima na kuwasha taa. Kwa shangazi na kwangu alizungumza na sisi wenyewe. Wakati wa chai walimuuliza shangazi kama anatumia sukari, hawakuniuliza mimi, na kwa mtu aliyezoea kujadiliwa mbele yake kana kwamba hayupo, hilo ni jambo kubwa.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 haiishii kwenye kuingia ukumbini na kutazama maonyesho. Inadai pia nafasi ya mtu kukuza na kutumia kipaji chake. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu wenyewe. Kumbi zinazojitahidi kwetu kwa kawaida huishia kwenye ile nusu ya kwanza: unatafutiwa mahali pa kuegesha kiti, unapiga makofi, unarudi nyumbani. Bagamoyo, mji uliojaa wasanii tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, hicho ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), una kila sababu ya kudai nusu ya pili, na karakana hii inaitekeleza. Katika duka lake dogo, kibandiko cha kila kazi kina jina la aliyeitengeneza, malighafi na bei. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mnunuzi anamsaidia mlemavu. Nilinunua kikapu kwa sababu kimesukwa vizuri.

Kasoro zipo, na nilimweleza msimamizi kila moja kabla ya kuondoka. Choo kina nafasi ya kutosha na vyuma vya kushikilia, lakini mlango unafungukia ndani, na ukishaingia na kiti huwezi kuufunga. Nilitumia choo huku shangazi amesimama nje kunilindia, jambo ambalo mtu mzima hapaswi kufanyiwa. Chumba cha maonyesho kiko ghorofani na hakuna njia ya kukifikia isipokuwa ngazi. Walinishushia picha tatu nizitazame, kwa ukarimu, lakini mtu anayeletewa picha tatu hajatazama maonyesho; wangeweza kuyahamishia ukumbi wa chini, ambao mchana mwingi haukuwa na watu. Mkalimani huja siku za Jumamosi tu, kwa hiyo kiziwi anayekwenda siku nyingine atategemea ishara na kuandikiana. Orodha ya madarasa imebandikwa ukutani kwa maandishi madogo, bila nukta nundu wala sauti.

Ada ya siku ni shilingi 15,000 pamoja na kitambaa na chai, na anayemsindikiza mtu mwenye ulemavu halipi. Kwa mkazi wa Bagamoyo anayeuza karanga au kusuka mikeka kiasi hicho ni kikubwa, na nilifurahi kuambiwa kwamba kuna nafasi za bure kwa watu wa mtaa, ingawa hazitangazwi popote. Ni lazima uulize.

Anayetaka kwenda apige simu siku moja kabla, kwa kuwa njia mteremko huondolewa usiku, na aseme wazi anahitaji nini, kwa sababu wanasikiliza. Mwenye kiti mwendo aende na mtu wa kumvusha kwenye mchanga. Avae nguo asiyoionea uchungu, maana rangi ya batiki haitoki. Na atakayekwenda Jumamosi aulize darasa la ukili: shangazi ameombwa alifundishe, amekubali kwa sharti kwamba miyaa inunuliwe mibichi na ikaushwe hapo hapo mbele yake, na nafasi kwenye meza yake si nyingi.