Kununua hatifungani za serikali kupitia benki moja hapa Moshi: huduma safi, maelezo nusu

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Kwa asiyejua, hatifungani ni unaikopesha serikali hela kwa miaka kadhaa, inakulipa riba, mwisho inakurudishia hela yako. Huduma yenyewe iko poa, unaenda na NIDA na picha za pasipoti, wanakujazisha fomu za akaunti ya CDS (akaunti ya kutunzia hatifungani zako), hamna mambo ya njoo kesho njoo keshokutwa, kima cha chini milioni 1 na riba inaingia kila baada ya miezi 6. Hapo sina neno.

Shida ni kile wanachosema kwa kila mteja, eti "haina risk kabisa". Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Rombo, anataka kuweka kiinua mgongo chote miaka 20, akauliza "sasa mwanangu nikiumwa nikaihitaji katikati?" Dada akamjibu "unauza tu sokoni baba, usiwe na wasiwasi". Ikaishia hapo. Jamani, unauza kwa bei gani?? Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa toka asilimia 15.49 mpaka 12.10. Sasa chukua umenunua ya 12.10 ya milioni 1, kesho soko likarudi 15.49, nani atakupa milioni yako kamili wakati mpya inalipa zaidi? Nimepiga hesabu, unapata kama laki 7 na 90 hivi. Ukisubiri miaka yote 20 unarudishiwa yote sawa, ila mzee hakuuliza kuhusu kusubiri!

Na hii sio hadithi, imewakuta wakubwa. Marekani benki kuu yao, Fed, iliweka riba karibu na sifuri toka Desemba 2008 mpaka Desemba 2015, ikarudia Machi 2020, huku inanunua hatifungani mpaka ikawa na mali za karibu dola trilioni 9. Hela ikiwa rahisi muda wote huo watu wanazoea, kila mtu anakimbilia makaratasi ya miaka mingi ili apate hata nusu asilimia zaidi, nyumba na hisa zinapaa. Juni 2022 mfumuko wa bei huko ukagonga asilimia 9.1, Fed ikapandisha riba mbio mbio, na Machi 2023 benki moja ya huko, Silicon Valley Bank, ikaanguka, na wala haikuwa imenunua takataka, ni hatifungani za serikali na za mikopo ya nyumba zilizonunuliwa riba ikiwa chini, wateja walipotaka hela zao ikabidi iuze kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Benki kuu yetu, BoT, haijafanya makubwa hivyo, lakini riba ikipanda bei ya hatifungani inashuka popote pale, iwe Marekani iwe Moshi.

Mimi nimechukua ya miaka 5. Ukienda, kabla hujasaini waambie wakuandikie kwenye karatasi: riba ikipanda na nikauza mwaka wa 3, napata shilingi ngapi? Na dada wa kaunta ni mpole sana, atakuandikia ukimwomba, ila hatasema mwenyewe.