Spea Kisekka: mali ipo, heshima kwa nyabo bado

Anayetafuta spea za gari Kampala hana haja ya kuzunguka sana. Kisekka ina kila kitu, kuanzia taa ya nyuma ya Ipsum ya zamani mpaka gia boksi nzima ya Subaru iliyoshushwa jana kutoka kwenye kontena. Duka la kwanza likikosa, muuzaji anamtuma kijana duka la jirani na mzigo unafika kabla hujamaliza kujifuta jasho. Kwa wingi wa mali na wepesi, soko hili linastahili nyota tano. Kwa namna linavyompokea nyabo, yaani mama au bibi kwa Luganda, aliyekuja peke yake, nyota mbili, na ya pili ni ya wale wauzaji wachache wanaoheshimu kazi yao.

Matatizo yanaanza barabarani. Wanaokukimbilia ukishuka kwenye boda si wenye maduka, ni bakayungirizi, yaani madalali, na riziki yao ni ile tofauti kati ya bei ya dukani na bei utakayotajiwa wewe. Mwanaume huitwa "boss" kutoka mbali. Mwanamke hushikwa mkono, huitwa "size", neno la mitaani, na huelekezwa kwenye kichochoro kabla hajasema anataka nini. Kuna swali moja linalowachuja haraka: duka ni la nani, na risiti ataandika nani? Akijibu "twende tu, nyabo", mwache. Lugha nayo ina bei yake. Mwanaume anayeongea Kiswahili huenda akadhaniwa ni afande na akahudumiwa upesi. Mwanamke wa Kiswahili huchukuliwa kuwa mgeni kutoka Congo au Kenya, na bei inapanda kidogo. Hata Luganda ya kuokoteza inasaidia.

Dukani, kosa la kwanza ni muuzaji kuongea na asiyelipa. Ukija na mdogo wako wa kiume, au hata yule wa boda aliyekubebea boksi, maelezo yote yanaelekezwa kwake. Kosa la pili ndilo ghali: "Fundi wako yuko wapi? Mpigie." Unampa simu, wanaongea wao wawili, simu inarudi na bei imeshapangwa, na cha fundi kimo ndani. Tuwe wakweli: kamisheni ya fundi ni desturi ya biashara hii na wanaume pia wanailipa. Tofauti ni kwamba mwanaume hutajiwa bei mwenyewe, akabishana, ikashuka. Mwanamke anapewa bei iliyokwisha kukubaliwa na watu wengine wawili.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili. Fundi aandike kwa WhatsApp kinachohitajika na upande gani wa gari, kisha alipwe ufundi wake waziwazi, pamoja na nauli ikiwa ataenda kuchagua. Bei ya spea ibaki kati yako na muuzaji.

Ili ubishane vizuri unahitaji namba ya fremu (chasi), ile inayoanza na herufi za modeli ya gari, na hapa ndipo wateja wengi wanapoteza pesa. Magari yetu mengi yaliletwa Uganda yakiwa yametumika Japani, na jina la gari pekee halitoshi. Toyota Premio moja inaweza kuwa NZT240 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, nyingine ZZT240 yenye 1ZZ-FE ya lita 1.8, na nyingine ZZT245 inayovuta magurudumu yote manne. Shokomzoba za nyuma za hii ya mwisho hazikai kwenye zile mbili, hata muuzaji akiapa kwamba "zote ni Premio". Fungua boneti utafute kibati chenye maandishi, ukipige picha. Namba hiyo inampa muuzaji namba ya spea yenyewe. Kwa Toyota, namba ya breki pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na breki shuu huanza na 04495. Mteja anayetaja namba hizi kaunta huonekana mtu mwingine kabisa, na kwa kawaida mzaha kuhusu neno "pedi", ambao wauzaji vijana hawauchoki, unaishia hapohapo.

Chukua na spea ya zamani. Kwa breki pedi, boksi lifunguliwe mbele yako. Muuzaji anayekataa hana sababu nzuri. Seti ni vipande vinne vya magurudumu mawili. Vilaze juu ya vile vya zamani: umbo la bati la nyuma lilingane, masikio yakae sawa, unene wa vipande vyote vinne uwe mmoja. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi za kusugua, na zikibaki 3 ni za kutupa. Ukipitisha kucha pembeni na unga ukamwagika, au rangi ikachuruzika kwenye kona, hiyo ni feki hata kama boksi linang'aa. Tazama maandishi ya boksi pia: herufi zilizofifia na kibandiko cha namba kilichobandikwa juu ya kingine ni dalili tosha. Ulinganishe kabla ya kufunga, kwa sababu spea ikishaguswa na spana jibu ni moja: "Umeshaifunga, nyabo."

Mali iliyotumika, ile inayoitwa "Japani" tu, ni jambo jingine. Taa, vioo, milango na bampa zilizotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi. Shokomzoba zilizotumika usinunue, isipokuwa huna jinsi. Na ukinunua, chukua jozi, uangalie kama fimbo ina jasho la mafuta, uisukume chini uone inarudi taratibu bila kukwama. Kwa injini, swali ambalo mwanamke haulizwi na anapaswa kuuliza mwenyewe ni hili: inakuja na nini? Bei nzuri uliyotajiwa inaweza kuwa ya injini uchi, bila alteneta, stata, kompresa ya AC, waya wala kompyuta yake, na kila kimoja kitauzwa peke yake baadaye. Fungua kifuniko cha mafuta pia. Utope mzito wa rangi ya maziwa ya chai maana yake maji yameingia kwenye mafuta.

Risiti ni ugomvi wa kudumu. "Risiti ya nini, mimi nipo hapa kila siku" si dhamana. Tangu EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), ianze kazi Januari 2021, maduka yaliyosajiliwa kwa VAT yanatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki. Mengi madogo hutoa ya kitabu, na hiyo nayo inafaa ikiandikwa vizuri. Isiandikwe "spea" tu. Iandikwe: breki pedi za mbele, NZT240, namba ya spea, mpya au iliyotumika, tarehe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya bidhaa, na mstari huo mmoja ndio ushahidi kwamba ulimweleza. Ule muhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi" unamhusu mteja aliyebadili mawazo. Hoja yako wewe ni kwamba ulichopewa sicho kilichoandikwa.

Ukilipa kwa MoMo au Airtel Money, namba yako inabaki dukani, na wanawake wengi wanajua kinachofuata usiku: "Nyabo, gari linaendeleaje?" Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hairuhusu taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja kutumiwa kwa nyingine isiyohusiana nayo. Duka linaloruhusu vijana wake kufanya hivyo halistahili kurudiwa, hata bei zake ziwe nzuri vipi.

Maduka ya kampuni kubwa yana kiti, choo, risiti safi na mtu anayetafuta namba kwenye kompyuta bila kukuuliza mume. Bei ni ya juu, na kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani pekee mara nyingine hayana jibu. Kwa mafuta ya injini, filta na plagi, yanalipa, maana hivyo ndivyo vinavyoghushiwa sana. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Anayekuuzia galoni la lita 4 na lita moja ya nyongeza anauza stoo yake.

Gereji ndiko mwanamke anakoambiwa "nenda ukapumzike, urudi jioni". Usiondoke breki zikifungwa. Fundi mzuri huangalia unene wa diski, kwa kuwa kipimo cha chini kimechongwa kwenye diski yenyewe. Husafisha pini za kalipa na kuzipaka grisi ya breki. Hurudisha pistoni taratibu huku akichungulia mafuta ya breki yasifurike, na hupampu pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea. Akisahau hilo la mwisho, mguu wako utafika sakafuni mara ya kwanza unaposhika breki, na Kampala ni mji wa vilima. Kelele baada ya siku mbili mara nyingi hutokana na pini kavu, si pedi mbaya, kwa hiyo anza kwa fundi kabla ya kurudi Kisekka kugombana. Kilomita 200 za kwanza, shika breki kwa upole.

Kabla ya kukabidhi ufunguo, piga picha ya kilomita na geji ya mafuta, kisha weka tone la rangi ya kucha kwenye betri, alteneta na rimu ya tairi la spea. Ni rangi isiyotoka kwa petroli kirahisi, na fundi akiiona tu anaelewa. Spea za zamani zirudishwe ndani ya boksi la zile mpya. Fundi asiyeweza kukuonyesha alichotoa pengine hakutoa kitu.

Kuwepo kwa mwanamke kaunta hakuhakikishi lolote, mara nyingi yeye anapokea pesa tu na bei inapangwa na kaka aliyeketi nyuma. Kipimo ni rahisi zaidi: uliza bei ya kitu kimoja kidogo, kwa mfano balbu, na uone jibu linaelekezwa kwa nani. Fanya hivyo siku ya kazi asubuhi, kabla ya saa nne, muuzaji akiwa na muda wa kufungua maboksi. Jumamosi mchana hakuna anayefungua boksi kwa yeyote.